Nyumba Isiyo na Ngazi

Siku ya harusi yake Selestini alibebwa. Kanisa la kwa kina Oliva, upande wa Lulindi, lilikuwa na ngazi mlangoni, na kabla hajasema neno vijana wa ukweni walimnyanyua pamoja na kiti mwendo chake, suti mpya na ua la kifuani, wakampandisha huku akina mama wakipiga vigelegele. Kila mtu alifurahi. Bwana harusi alitabasamu kwa ajili ya picha. Jioni, walipobaki wawili, alimwambia mke wake, "Oliva, nyumba yetu nitaingia mwenyewe."

Oliva alidhani ni maneno ya mtu aliyechoka na sherehe. Hakumjua bado.

Polio ilimkuta Selestini akiwa mtoto mdogo pale Newala, ikamwachia miguu myembamba isiyobeba kitu. Mabega na mikono vikakua kwa niaba ya miguu. Mama yake alimbeba mgongoni, na mgongo ulipoanza kuuma, kaka yake Optatus alipokea mzigo. Optatus ndiye aliyempeleka shule, kiangazi na masika, madaftari ya wote wawili yakiwa ndani ya mfuko mmoja ambao Selestini aliung'ata kwa meno ili mikono yake iweze kushika shingo ya kaka yake.

Alipokua alishuka Masasi kujifunza ufundi wa pikipiki. Kazi ilimfaa, kwa sababu pikipiki hutengenezwa na mtu aliyekaa chini. Alifungua kibanda karibu na stendi, na kila msimu wa korosho, bodaboda zinapobebeshwa magunia hadi shokomzoba zinalia, wateja walimsubiri tangu asubuhi. Akajitengenezea na chombo chake mwenyewe: pikipiki ya magurudumu matatu, gia na breki zote mkononi, kiti mwendo kimefungwa nyuma. Kwa chombo hicho alikwenda Newala na kurudi Masasi bila kumwomba mtu lifti.

Mama yao alipofariki, ndugu wa ukoo walikaa, na hapakuwa na ubishi. Marehemu mwenyewe alikwisha sema kwamba nyumba ya Newala ni ya Selestini. Ilikuwa nyumba ndogo, vyumba viwili na baraza, pale mji unapoishia. Nyuma yake uwanda unakatika ghafla, na chini kabisa liko bonde la Ruvuma na milima ya Msumbiji ng'ambo. Asubuhi ukungu hujaa bondeni na watu wa mjini huja na simu zao kupiga picha. Selestini aliishi utoto wake wote hatua chache kutoka kwenye mandhari hayo, lakini akiwa ndani hakuona ila mawingu. Madirisha yaliwekwa juu ili wapita njia wasichungulie. Mlangoni palikuwa na kizingiti cha saruji. Kila alipotaka kutoka, alishuka kwenye kiti, akavuka kwa mikono, kisha akakivuta kiti kutoka nje, kama mtu anayemtoa mbuzi bandani.

Optatus, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam kwenye kampuni ya bima, alifurahi kuliko wote. "Tuibadilishe kabisa, mdogo wangu. Iwe nyumba ya familia, ya kisasa. Mabati na madirisha niachie mimi." Akatuma picha kwenye simu. Ilikuwa nyumba nzuri, nguzo nene mbele, sakafu imenyanyuliwa, na ngazi pana zinazopanda hadi mlangoni.

Selestini aliitazama sana. Akampigia.

"Kaka, nyumba ni nzuri. Sasa mimi naingiaje?"

"Ah, vijana hawakosekani pale mtaani."

Selestini alishukuru kwa mabati, akaaga, kisha akamwita fundi Sadallah.

Sadallah alikuwa mjenzi wa Masasi, mtu wa makamo, aliyejua kazi na aliyejua pia kwamba anaijua. Walikwenda Newala pamoja, Selestini akazunguka kiwanja na kiti chake akichora kwa fimbo mchangani. Vyumba viwili vya zamani vibaki, vifunguliwe viwe sebule moja. Nyuma viongezwe vyumba vitatu, jiko la ndani, na bafu. Milango yote iwe mipana. Madirisha ya upande wa bonde yashuke. Na mbele, kwa kuwa kiwanja kina mwinamo, pawe na njia ndefu ya saruji inayopanda polepole hadi mlangoni, na pale mlangoni pasiwe na kizingiti.

"Yashuke hadi wapi, Baba Gift?" Sadallah aliuliza kuhusu madirisha.

Selestini aliweka kiganja chake kifuani. "Hapa."

"Wezi watakushukuru."

"Weka nondo."

"Na watu watasema nyumba imechuchumaa."

"Hata mimi nimechuchumaa, fundi. Tutafanana."

Oliva, aliyekuwa amesimama pembeni na mtoto wao Gift, alicheka hadi akashika kiuno. Yeye ni mrefu. Kwenye picha zote za familia anaonekana amesimama nyuma. Alisema jambo moja tu: jiko liwe na meza mbili, moja ya kimo chake na moja ya mumewe, "maana ugali wa huyu bwana ni mzuri kuliko wangu, sitaki apate sababu ya kuacha kuupika." Sadallah akaandika kichwani, akatikisa hicho kichwa, na kazi ikaanza.

Familia ilibaki Masasi katika vyumba vya kupanga, mafundi wakalala kwenye kiwanja. Mwanzoni Selestini alipanda Newala mara kwa mara. Kisha msimu wa korosho ukafunguka, pikipiki zikarundikana kibandani, akawa anaongea na Sadallah kwa simu tu. Kila alipouliza, jibu lilikuwa moja: "Mambo yanakwenda, Baba Gift. Utafurahi mwenyewe."

Walikwenda kuiona karibu na Krismasi. Oliva na Gift walipanda basi, Selestini akatangulia na chombo chake. Optatus naye alikuwa amefika kutoka Dar. Selestini alipokata kona ya mwisho aliona mabati yanayong'aa, akaona kuta mpya, na moyo ukamwenda mbio kwa furaha. Halafu akaona ngazi.

Zilikuwa pana, zimesilibwa vizuri, na mbele yake yamepangwa mawe madogo meupe. Juu kabisa alisimama Optatus amefungua mikono.

"Karibu nyumbani!"

Selestini alizima injini. Sadallah alikuwa pale, na vibarua wake, na majirani waliokuja kuangalia. Akamgeukia fundi. "Hii ni nini?"

Sadallah alitazama chini. "Kaka mkubwa alipiga simu. Yeye ndiye aliyeleta mabati. Ningemkatalia vipi?"

"Njia yangu iko wapi?"

"Baba Gift, ile ingekula uwanja wote. Na haina sura. Nimejenga Masasi na vijiji vyake, sijawahi kumaliza nyumba ya maana bila ngazi."

Optatus alikwisha kushuka. Alikuwa ameshapandisha mikono ya shati. "Usiwe na wasiwasi. Nyie vijana, njooni. Wawili huku, wawili kule. Mnyanyueni taratibu."

"Atakayenigusa," Selestini alisema, "nitamng'ata."

Vijana walisimama. Mmoja alicheka, kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka.

"Selestini, watu wanatuangalia," Optatus alisema kwa sauti ya chini.

"Waache waangalie."

"Unanitia aibu kwa sababu gani? Mimi nilikubeba. Miaka yote ile ya shule, mgongoni kwangu, jua na mvua. Kuna siku moja nililalamika?"

"Hukulalamika."

"Sasa?"

"Hata mimi sikulalamika, kaka. Ulinibeba ukiwa na homa, ukiwa na hasira na mimi, siku nyingine unakimbia na mimi napigwa na matawi usoni, nikanyamaza, kwa sababu asiye na miguu hachagui mwendo. Nilikushukuru jana, leo nakushukuru, na nikifa nitakuwa nimekushukuru. Lakini kubebwa kuingia nyumbani kwangu mwenyewe, mbele ya mwanangu, sibebwi. Sasa ndiyo nalalamika."

Wakati huo basi lilikuwa limefika; Oliva alikuwa anakuja na mfuko kichwani, Gift akimfuata. Aliziona ngazi kutoka mbali, na mwendo wake ukabadilika.

Selestini hakumsubiri aseme. Alifungua sanduku la vifaa, akatoa nyundo yake nzito ya kunyooshea vyuma, akashuka chini, akavaa ndala mikononi kama alivyozoea, akasogea hadi kwenye ngazi. Aliinua nyundo juu ya ngazi ya kwanza.

"Baba Gift!" Oliva aliita.

Watu walidhani anamzuia. Hata Optatus alishusha pumzi.

"Anzia ya juu," Oliva alisema, akitua mfuko. "Ukianza na ya chini utabaki umening'inia."

Akapanda. Alipanda kwa mikono, akijivuta ngazi kwa ngazi, nyundo ikigongagonga saruji, suruali yake nzuri ya safari ikifagia vumbi. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alipofika juu aligeuka, akakaa mlangoni kwake, akatazama majirani wote, kisha akapiga. Saruji ilikuwa bado changa, ikapasuka kwa pigo la tatu. Alivunja ya juu, akashuka, akavunja iliyofuata. Jasho lilimtiririka, kidole gumba kikachubuka, akakinyonya akaendelea. Oliva alijifunga khanga kiunoni akaanza kuyaondoa mabonge na kuyarundika pembeni.

"Hayo msiyatupe," aliwaambia vibarua. "Ndiyo kifusi cha kujazia njia yake."

Sadallah alivumilia kuangalia kazi yake ikivunjwa hadi ikabaki ngazi mbili. Hapo akaenda akachukua sururu. "Baba Gift, sogea," alisema kwa uchungu. "Hivyo unavyopiga utapasua na msingi wangu."

Optatus hakungoja mwisho. Aliondoka na gari lake, na Krismasi hakuonekana. Ndugu walimpigia Selestini simu wakimwambia amemdhalilisha mkubwa wake, aende akaombe radhi. Alijibu kila mmoja sawasawa: ataomba radhi kwa kelele, si kwa ngazi.

Njia ilijengwa. Ni kweli ilikula uwanja; ilianzia karibu na barabara, ikapita chini ya mkorosho wa marehemu mama, ikapinda na kufika mlangoni. Watoto wa mtaa waliigeuza mahali pa kuteleza kwa vigari vya mbao, na Selestini akawaachia. Familia ilihamia kabla simiti haijakauka vizuri. Siku ya kwanza Selestini alijisukuma kutoka barabarani hadi sebuleni, akageuka, akatoka, akaingia tena. Gift alimuuliza amesahau nini. "Hakuna," alisema, akatoka mara nyingine. Kisha akaenda kwenye dirisha la upande wa bonde na kukaa hapo hadi chai ikapoa. Oliva alipomletea nyingine alimkuta analia waziwazi bila kujificha, akamwacha peke yake.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja na upepo kutoka bondeni. Kwa kuwa mlango haukuwa na kizingiti, maji yaliingia moja kwa moja, yakapita sebuleni hadi vyumbani, na asubuhi godoro la Gift lilikuwa linachuruzika uani. Majirani walipita wakitazama. Shamila wa nyumba ya pili, anayeuza vitumbua na anayejua habari zote kabla hazijatokea, alisimama njiani.

"Shikamoo, Baba Gift."

"Marahaba, Shamila."

"Wazee walioweka vizingiti nao walikuwa na akili, eti."

"Walikuwa nazo," Selestini alijibu, akikamua tambara. "Na mimi ninazo zangu. Nimekosea, nitarekebisha. Kizingiti sirudishi."

Alichonga mfereji mwembamba mbele ya mlango, akauelekeza pembeni kwenye shimo la migomba, na kibandani Masasi akachomelea wavu wa vyuma wa kuufunika, wenye nafasi ndogo zisizomeza gurudumu. Mvua ya pili iliingia kidogo. Akaongeza ukanda wa mpira chini ya mlango. Mvua ya tatu ilibaki nje.

Optatus alikuja Pasaka bila taarifa, na mkewe Isabela. Aliliacha gari barabarani, akaitazama njia, akaipanda polepole, mikono nyuma. Hakuna aliyeitaja Krismasi. Walikula pilau, wakaongea habari za bei ya korosho na magonjwa ya ndugu. Isabela aliingia jikoni, akakuta meza mbili, akaita, "Mama Gift, hii ya chini ya nani?" na kicheko chao kikasikika hadi sebuleni.

Optatus alizunguka nyumba nzima. Alishika vishikio vya bafuni, akafungua na kufunga milango. Mwisho alifika kwenye dirisha, na kwa kuwa ni mrefu kama baba yao, ilimbidi ainame ili aone bonde.

"Mgongo utaniuma hapa," alisema.

"Vuta kiti."

Optatus alivuta kiti, akakaa. Wakawa sawa, bega kwa bega, macho usawa mmoja. Chini, moshi wa mashamba ulikuwa unapanda ng'ambo ya mto.

"Bado naona ni mbaya kwa mbele," Optatus alisema.

"Ni mbaya," Selestini alikubali. "Tena nataka kuipaka rangi nyekundu."

Optatus aligeuka kumtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania.