Mikono ya Moubarak

Hakuna fundi wa rangi ya magari mtaa mzima wa Buyenzi anayemfikia Moubarak. Mlango wa gari uliokwaruzwa ukipita mikononi mwake, hata mwenye gari hakumbuki palipoumia. Lakini msikitini, bingwa huyo alikuwa akijibanza safu ya mwisho, karibu na viatu, mikono kaibana ubavuni. Kwapa zake zilinuka, na mwenyewe alijua.

Basi siku moja waumini wakamchagua asome Kurani siku ya Maulidi, mbele kabisa, bega kwa bega na Mzee Idi, mkubwa wa msikiti! Furaha iliyoje, na hofu iliyoje! Sauti anayo, tena tamu. Nafasi hiyo aliiomba tangu utotoni. Zilibaki siku nne.

Alikimbilia dukani kwa dada yake Houda, muuza vipodozi.

"Houda, dawa yako ya kwapa ni ya uongo! Napaka asubuhi, jasho ikianza naongeza, na bado nanuka. Hata kanzu nimeifukiza udi!"

Houda akacheka mpaka akashika meza. "Kaka, we unaweza kupiga rangi kwa gari yenye imeloa maji?"

"Apana! Itabanduka yote. Lazima niioshe, niikaushe kwanza."

"Sasa mbona kwapa unaipaka ikiwa imeloa?"

Mganga hajigangi, ama kweli!

"Jasho peke yake haina harufu," Houda akaendelea. "Kuna vidudu vidogo sana kwa ngozi, vikikula jasho, ndiyo harufu inatoka. Dawa ingine inapiga vile vidudu na kuweka manukato, basi. Hii yako inaziba matundu, jasho isitoke. Lakini inataka ngozi kavu. Paka jioni, ukisha oga, ishike mpaka asubuhi."

Jioni hiyo Moubarak alioga, akajifuta, akajipepea kwa kipande cha katoni hadi akakauka kabisa, ndipo akapaka. Siku ya pili jasho lilipungua. Ya tatu alijinusa mara kumi, akapiga vigelegele peke yake gereji, mwanaume mzima!

Siku ya Maulidi alisoma mpaka watu wakatokwa na machozi. Ikaja dua. Mzee Idi, aliyemjua tangu anatambaa, akageuka kumtazama. Moubarak alikuwa ameinua mikono yote miwili, juu kupita watu wote wa safu ya mbele.

"Mwanangu," mzee akanong'ona, akimsogelea mpaka mabega yakagusana, "kumbe mikono yako ni mirefu hivi?"