Kipimo Kilisema Sifuri

Baba mdogo, aliyenilea, alikuwa fundi umeme wa mtaa wetu Kindu, na kila waya aliupima kwa balbu moja kuukuu yenye nyaya mbili. Ikiwaka, waya una umeme, isipowaka, shika. Mimi nilirudi kutoka shule ya ufundi Lubumbashi na kipimo cha namba, kile kinachoandika volti kwenye kioo chake, nikaicheka balbu ile mbele za watu. Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Wangu uliacha masizi.

Jumamosi moja, siku ya salongo, wengine wakifyeka majani ya barabara kwa amri ya chama tawala, sisi tuliitwa msikitini kutengeneza kipaza sauti kabla ya Ramadhani. Asubuhi nilipima betri ya gari iliyokiendesha: volti kumi na mbili kamili. Baada ya adhuhuri tukahamia kwenye nyaya za ukutani. Baba mdogo alitoa fyuzi moja, ila hakuwa na hakika kama ndiyo ya nyaya zile, akatia mkono mfukoni kutafuta balbu.

“Acha ile, baba mudogo,” nikamwambia. “Mashini iko hapa.”

Nikagusisha ncha mbili. Kioo kikaandika sifuri.

“Hakuna kuran?” akauliza, yaani umeme.

“Hakuna.”

“Basi. Weye njo ulisoma, si miye.”

Akashika waya. Mwili wake ulikakamaa, kisha ukatupwa mkekani. Nikatupa kipimo chini, nikamkimbilia. Nilipookota kipimo ndipo nikaona: kitufe kilikuwa bado kwenye umeme wa betri. Ukipima umeme wa ukutani kikiwa hapo, kinakujibu sifuri bila aibu. Nikakizungusha haraka, kabla mtu hajaona.

Alipona, ila vidole viwili vya mkono wa kulia havikunyooka tena. Jioni ile jirani mmoja alikuja kumpa pole, akamuuliza ilikuwa namna gani.

“Nilisahau kupima,” baba mdogo akasema. “Njo uzee, ndugu yangu.”

Hakuniangalia. Nilikuwa nimeketi pale pale, nikimmiminia mgeni chai, na sikufungua kinywa. Naona haya mpaka leo. Fundi anayesahau kupima, nani atamwita nyumbani kwake? Kabla mfungo haujaisha, watu walikuwa wakiupita mlango wake na kuja kunibishia hodi mimi.

Nami nilikwenda. Mfukoni nilikuwa na balbu yake, aliyonipa mwenyewe.