Laini Saba za Mama Nyamaza

Mama Nyamaza alikuwa mlezi wa watoto. Jina hilo alipewa na kina mama waliomwachia vichanga vyao asubuhi wakikimbilia kazini, maana kutwa nzima utamsikia, "Nyamaza mwanangu, nyamaza," ingawa yeye mwenyewe kunyamaza hakujui hata kidogo. Sebuleni kwake palikuwa na mikeka, beseni la kuogeshea, na kamba ya nepi iliyokatiza kutoka dirishani hadi mlangoni. Mgeni akiingia sharti ainame.

Mambo yaliharibika hivi. Kampuni ya bima aliyojiunga nayo ilikuwa imemchukua picha, alama za vidole na nakala ya kitambulisho. Siku moja ikamtumia ujumbe wa simu: taarifa za baadhi ya wateja zimevuja, usiwe na wasiwasi. Naye kweli hakuwa na wasiwasi. Hebu niambie, angeupata wapi, wakati mtoto mmoja anaharisha na mwingine kamng'ata mwenzake sikio?

Haukupita muda, polisi wakagonga mlango jioni, saa ya kina mama kuja kuchukua watoto. Wakasema kuna tapeli anayewaahidi wasichana kazi za ndani, anakula nauli zao na kuwaacha stendi. Ukiitafuta namba yake ni ya nani, linatokea jina kamili la Mama Nyamaza. Walimhoji, wakamwachia, lakini maneno yalikuwa yameshatoka nje. Mama mmoja akasema anahama mtaa. Mwingine eti kapata ndugu wa kumsaidia. Uongo wa heshima huo, na ndio uliomuuma kuliko hata polisi. Mikeka ikabaki mitupu.

Mpwa wake akampeleka ofisi ya msaada wa kisheria, wakapewa wakili, binti mwembamba anayeongea taratibu.

"Mama, taarifa zako ni zako hata zikikaa kwenye kompyuta ya mtu mwingine," alimwambia. "Una haki ya kuambiwa kilichovuja ni nini. Una haki ya kulalamika. Na laini iliyosajiliwa kwa jina lako bila ridhaa yako lazima ifungwe. Tutadai pia barua ya kukusafisha."

Hiyo barua Mama Nyamaza aliitaka kama mgonjwa anavyotaka dawa. Angeibandika mlangoni, kila mama apitaye aisome.

Siku ya shauri walikaa kwenye meza ndefu, katika ofisi inayosimamia ulinzi wa taarifa za watu. Aliyesikiliza alikuwa afisa mmoja mama mtu mzima, miwani puani. Upande wa pili mwanasheria wa kampuni ya bima, suti imenyooka, akatoa karatasi. Kwa jina la Mama Nyamaza, laini zilizosajiliwa ni saba.

"Zako ni zipi, mama?" afisa akauliza.

Wakili binti alishamwambia ajibu ukweli, na ukweli alivyoujua huyo wakili ni kwamba laini ni moja. Jamani, hakuwa ameuliza vya kutosha. Mama Nyamaza aliitazama karatasi. Akisema moja, nyingine zote zinafungwa kama za wezi, na yeye anaondoka na barua yake. Ila mojawapo ni ya mama yake mzazi, ambaye hatoki kitandani.

"Tano," akasema.

"Unatumia simu tano?"

"Natumia moja. Nne niliwasajilia ndugu. Mama vidole vimesuguka kwa jembe, mashine haivisomi. Mdogo wangu alipoteza kitambulisho. Mpwa wangu alikuwa bado hajapata chake. Shemeji yangu, huyo ni uvivu tu."

Wakili wake akafumba macho. Mwanasheria wa kampuni akaegemea kiti.

"Kumbe wewe ni mgawaji wa laini. Basi hizo mbili nazo ulimpa mtu ukasahau. Kampuni inahusikaje?"

Msimcheke. Nani kati yetu hajamsajilia mtu laini, au hajasajiliwa? Lakini aliona huruma yake mwenyewe ndiyo inayomfunga.

"Mimi niliowapa nawajua," akasema. "Tuwapigie."

Afisa akakubali, simu ikawekwa mezani kwa sauti kubwa. Mama yake alipokea akauliza, "Umekula?" kabla hata ya salamu. Mdogo wake akauliza, "Dada, kesi imefika wapi?" Mpwa akamwamkia. Shemeji alipokea kwa sauti ya usingizi, na jua hilo la saa tano. Hapo afisa akavua miwani aifute, tuseme vumbi liliingia.

Laini ya sita haikupatikana. Ya saba wakaipiga kwa simu ya ofisi, ikaita.

"Habari yako dada," ilisema sauti ya kike, laini, yenye adabu. Ikajitambulisha kwa majina matatu ya Mama Nyamaza, bila kuruka hata la marehemu baba yake. "Unatafuta kazi?"

Mama Nyamaza alishika ukingo wa meza. Hasira ilimpanda, na chini ya hasira huzuni, kumsikia baba yake akitajwa na mdomo ule.

"Natafuta," akasema. "Nilikuwa nayo, nalea watoto. Ukanifukuza wewe."

Mahali fulani upande wa pili, mtoto mchanga akaanza kulia. Simu ikakatika.

Afisa akamgeukia mwanasheria, akamwambia laini zote mbili zinafungwa leo, na barua ya kumsafisha mama huyu itatoka leo leo, kwa saini ya kampuni. Wakili binti alimshika mkono mteja wake kwa furaha.

Mama Nyamaza bado alikuwa anaitazama simu.

"Yule mtoto ana njaa," akasema.