Ile ya Mwanzo Itoe

Kwenye viza yangu imeandikwa msafishaji. Sina ugomvi na usafi. Nimedeki tangu utotoni na mikono haijakatika. Kinachonikera ni kwamba katika ofisi ile ya Al Jaddaf, hapa Dubai, yenye watu kumi na wawili wa suti na digrii, hapakuwa na mtu wa kuikwamua printa ila mimi mwenye ndoo.

Nilijifunza kwa kuchungulia. Fundi wa kuitwa alikuja mara mbili, akafanya yale yale mara zote mbili, nami nilikuwa nyuma yake napangusa vioo. Watu wa ofisi ile hawana subira. Mmoja anabonyeza kuchapa, karatasi haiji, anabonyeza tena, na tena, mara saba, kama anagonga mlango wa choo. Kazi zinapanga foleni nyuma ya ile iliyokwama. Ukiifuta kwenye kioo cha kompyuta, inaandika kwamba inafutika, na mpaka jioni bado inafutika. Dawa yake ni kuizima kwanza huduma ya uchapaji ndani ya kompyuta, kuingia kwenye folda yake, kuiondoa faili iliyonasa, kisha kuiwasha huduma upya. Dakika mbili tu. Faili za mle ndani hazina majina, zina namba, kwa hiyo huwezi kujua barua ya nani ni ipi. Unachojua ni ipi imetangulia.

Basi ikawa ikikwama, naitwa. Naacha deki, nakausha mikono kwenye suruali, nakaa kwenye kiti cha mama mmoja wa Kizanzibari, kwa sababu kazi zote za ofisi zilipitia kompyuta yake. Yeye alikuwa mwandishi wa arbab, bosi wetu mzee. Amezaliwa Unguja, amekulia Dubai, na Kiswahili chake ni cha nyumbani kwao hasa. Mimi wa Tabora alikuwa akinicheka kwamba naongea kama redio. Nilimwita mama, naye aliniita mwanangu, na chakula chake cha mchana nilikuwa nakila mimi nusu.

Huyo mama ndiye aliyenisemea kwa arbab. Alimwambia, huyu kijana wako anafanya kazi ya ufundi, mwandikie ufundi. Mimi nilikuwa na sababu moja tu ya kukitaka cheo hicho. Wasafishaji kampuni iliwalaza mtaa wa Karama, watu sita chumba kimoja, kitanda juu ya kitanda. Fundi aliruhusiwa kumleta mkewe. Mke wangu yuko Tabora, fundi cherehani, na tulikuwa tumemaliza mwaka wa nne wa kuoneana kwenye simu. Arbab alisema inshallah, na ile inshallah ikakaa miezi minane.

Halafu mzee akaamua kumwachia mwanawe ofisi, akaishi shambani kwake Hatta. Wiki ya mwisho akamwambia mama, iandike hiyo barua ya ufundi, nitaitia sahihi kabla sijaondoka. Mimi, bila hata kusubiri wino, nikampigia mke wangu, jiandae. Naye alikuwa na kibaraza chake cha kushonea mbele ya duka, mahali pa wateja, ambapo wenzake walikuwa wanapamezea mate. Akampisha mwenzake siku ile ile.

Siku ya kuondoka mzee, asubuhi, mama akanipita kwenye korido akaniambia, "Barua yako n'shaimaliza." Nikashukuru, nikajua iko mkononi mwake. Kumbe aliituma tu kwenye printa, akaifunga. Kompyuta ilimuuliza aitunze au asiitunze, akasema asiitunze. Ndivyo alivyofanya miaka yote: barua ikishakuwa karatasi inaingia kwenye faili la kabati, ya nini tena kuibakisha kwenye kompyuta? Akaitwa chumbani kwa arbab kuwamiminia wageni kahawa.

Na printa ikakwama. Wakaanza kubonyeza kama kawaida yao. Nikaitwa. Niko kitini pake, simu ya mezani ikalia, ni yeye anapiga kutoka chumbani.

"Mbona hakuji kitu?"

"Imekwama, mama. Kuna foleni ndefu."

"Ile ya mwanzo itoe, mwanangu. Upesi, arbab anaondoka."

Nikaitoa. Kitu kimenasa, umeambiwa kitoe, unafanya nini? Kwetu mwiba unatolewa, jiwe kwenye mchele linatolewa. Nikazima huduma, nikaiondoa faili ya kwanza moja kwa moja, nikawasha. Nyingine zote zikaja mbio: ramani ya kwenda shambani mara tatu, orodha ya biriani ya kumuagia mzee, na fomu ya mtu ya likizo. Nilijisikia mtu wa maana.

Mama akatoka, akazipekua karatasi zote, akazipekua tena.

"Barua yako iko wapi?"

"Si unayo wewe?"

"Ninayo wapi? N'lokwambia uitoe ndiyo hiyo."

"Nami nimeitoa, mama."

"Basi nipe."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwake yeye, barua hutolewa kwenye printa kama mkate unavyotolewa kwenye jiko, ukaliwe. Tungekuwa tunaongea Kiingereza chetu kibovu cha kazini, yasingetokea. Lugha ya mama ndiyo iliyoniponza, na bado naona uchungu kuliandika hili.

Alikaa akaichapa upya. Ilipotoka, tena salama kabisa, gari la mzee lilikuwa limeshakwenda. Tukapiga simu. Mzee akasema kwa upole, mpeni mwanangu aitie sahihi yeye, inshallah. Mwanawe akaisoma amesimama, akanitazama viatu. "Msafishaji ni msafishaji. Khalas." Akairudisha kwa mama, akaingia ndani. Mchana printa yake ikakwama, akaniita, nikaenda nikamkwamulia. Ningekuwa na kiburi kidogo tu ningekataa, lakini sikuwa nacho.

Kesho yake mke wangu akapiga. Nikamwambia safari haipo tena, barua ilifutwa kabla ya sahihi. Akauliza nani aliyeifuta. Ningeweza kumwambia ni mimi, nilisikia neno nikalielewa vibaya. Lakini kibaraza chake kilikuwa kimeshachukuliwa, na mwenzake amekataa kukirudisha. Niliogopa. Nikasema ni yule mama wa Kizanzibari, mzembe, aliifuta. Uongo ulitoka mwepesi kuliko salamu.

Tangu siku hiyo mke wangu anamlaani mama yule kila tukiongea. Anashonea ndani sasa, dirishani, wateja wanamtafuta kwa kuuliza. Ananiuliza kama yule mwanamke bado yupo kazini. Namwambia yupo.

Naye mama, ambaye hajui lolote kuhusu uongo wangu, amekuwa akijilaumu kwa sababu hakuitunza barua. Wiki iliyopita kuna Mtanzania mwenzetu aliyekuwa anakwenda nyumbani, mama akampa kitambaa ampelekee mke wangu, kitambaa kizuri cha buluu, mita sita, yeye abaki kununua uzi tu. Aliniambia, "Mwambie mwenzio anisamehe." Nikapokea salamu hizo, nikazimeza.

Jana mke wangu akanijulisha kwamba mzigo umefika. Alipojua umetoka kwa nani, akaukata wote vipande kwa mkasi wake wa kazi, akafanya matambara ya kudekia. Alinisimulia polepole, akisubiri niseme kitu. Nikamwambia amefanya vizuri.