Damu Imeharibika

Mpaka leo sili mandazi ya kununua, na sababu ni mtu mmoja wa maabara. Katika miaka ya tisini nilikaa mtaa wa Umoja kwa dada yangu mkubwa, nikimsaidia kulea mtoto wake mchanga. Dada akaanza kushikwa na kizunguzungu kila akiinama kufua. Tukaenda zahanati ya mtaani, akatolewa damu, tukaambiwa tungoje kwenye benchi.

Maabara ilikuwa na kidirisha, na kwenye ubao wake wagonjwa walipanga choo chao cha kupimwa ndani ya vikasha vya viberiti. Kando ya viberiti hivyo ndipo mpimaji alipoweka mandazi yake. Aliyamega kwa glavu zile zile. Koti lake lilikuwa jeupe siku aliyolinunua, basi. Na sote tulimwita daktari, kwa heshima kabisa!

Akachungulia nje akiwa bado anatafuna, akamnyooshea dada kidole.

"Wewe mama wa leso ya kijani! Damu yako imeharibika. Kuja wiki ijayo."

Kidirisha kikafungwa.

Aliyeishi miaka ile anajua maneno hayo yalibeba nini. Ukimwi haukutajwa kwa jina. Watu walishusha sauti wakasema fulani damu yake imeharibika, na mwenye kusikia akaelewa. Benchi lilikuwa limejaa, lakini ghafla nafasi ikapatikana. Mama aliyekuwa ametupakatia mtoto alimrudisha upesi, akajipangusa mikono kwa sketi. Huyo naye alinichefua.

Dada hakulia. Alipofika nyumbani alijifunga kifua kwa kitambaa, akakaza, akanituma maziwa ya pakiti.

"Yangu yatamuua," aliniambia.

Mtoto alilia hadi sauti ikakauka. Maziwa yalimjaa dada kifuani akapata homa, nguo zikalowa, lakini kitambaa hakukifungua. Shemeji alihamia kwenye kochi bila kuuliza swali hata moja.

Wiki ilipoisha nilimburuta dada turudi, maana alisema haoni haja ya kuambiwa mara mbili. Mpimaji alipomaliza kumtoa damu nyingine, nilimuuliza ile ya kwanza iliharibikaje.

"Iliganda kwa chupa," alisema. "Ikiganda siwezi pima. Si niliwaambia imeharibika? Kwani nyinyi mlidhani nini?"

Kisha akacheka, nami nikaona mabaki ya mandazi kwenye meno yake. Nilitamani kumtapikia. Angetoka nje, amwite dada kando, amwambie damu imeganda kwenye chupa na yeye hana kosa, amtoe nyingine pale pale. Ingemgharimu nini? Alikuwa mvivu wa mdomo, na uvivu wake aliuita kazi.

Majibu yalisema damu imepungua. Dada akapewa vidonge vya kuongeza damu, na shemeji akarudi kitandani jioni hiyo hiyo kana kwamba hakuwahi kuhama. Kinyaa changu kikampata na yeye.

Dada alifungua kile kitambaa mbele yangu, akamweka mtoto titini. Mtoto akavuta, akaachia, akavuta tena, kisha akageuza uso na kulia. Dada akamhamishia upande wa pili. Huko nako kulikuwa kumekauka.