Matundu Mawili ya Chungu

Fundi wa makumbusho huunga vigae vya vyungu vya kale, na kila kigae hukipuliza kwanza kama mtu anayepoza chai. Tangu agombane na dada yake kwenye msiba wa mama yao, miezi minne sasa, mikono yake imekuwa mizito. Leo, kwenye chungu kimoja, amekuta matundu mawili, moja kila upande wa ufa.

“Panya hao, shangazi,” mlinzi akamtania.

“Panya gani anatoboa chungu? Mwenye chungu alikipasua, akakitoboa, akakifunga kwa uzi, akaendelea kukitumia. Miaka elfu tatu iliyopita!”

Kidole chake kikapapasa tundu. Kisha akafuta gundi mikononi, akachukua simu.

“Dada, ni mimi. Tafadhali usikate.”