Jina Lililoandikwa Kabla ya Arobaini

Siku hiyo nyumbani kwangu Nachingwea tulikuwa watatu. Mimi mwenyewe, binti yangu, aliyetoka Marambo kumlilia kaka yake, na mjukuu wangu, mtoto wa huyo marehemu. Mkwe wangu, mama yake mjukuu, alikuwa hospitali Ruangwa, tumbo limevimba, anasubiri kupasuliwa. Kaka yangu wa Malolo, mjomba wa marehemu, alikuwa bado njiani. Majina yao wote ninayo kichwani, ila humu siyaandiki, na mtaona kwa nini.

Kwetu jina la marehemu halitajwi wala haliandikwi mpaka arobaini, mjomba wake amsimamishe wa kulirithi. Anayelitumia kabla, ndiye kalichukua, pamoja na yote yaliyomo. Arobaini ilikuwa bado.

Mwanangu na binti yake walifanya kazi ofisi moja Dar, kwenye kompyuta kubwa kama kabati la nguo, inayotunza kadi za matibabu. Mwanangu alikufa kakaa mbele ya kompyuta hiyo, mkono umeshika bega la kushoto.

Basi asubuhi simu ya mjukuu ikalia. Mkubwa wao wa kazi.

"Dada, pole na msiba. Mashine imelemaa. Hospitali zinauliza kadi, haijibu. Ule utaratibu wa mzee ulizimika tulipofunga jina lake la kuingilia mashineni. Alikufundisha wewe, uwashe."

Mjukuu akaweka kompyuta yake ndogo juu ya kinu nilichokipindua. Nikamuuliza, utaratibu gani huo?

"Bibi, ukitaka mbegu ya ufuta unafungua kila gunia ghalani?"

"Nina kichaa?"

"Sasa mashine inafungua kila gunia. Baba alihifadhi humo ndani kitu kinachotazama swali, kinaielekeza mashine njia fupi ya kutafuta."

Akauandikisha upya utaratibu huo, akaupa ruhusa, akauwasha. Ila pale panapotakiwa jina la mwenye utaratibu hakuandika la baba yake. Aliandika lake, kwa kuheshimu msiba. Mashine ikakataa. Akarudia, ikakataa. Vyote vilivyomo mle vilikuwa vinamtafuta baba yake.

Hapo mkwe wangu akapiga simu, sauti imekwisha kabisa. "Mama, daktari yupo tayari. Wanasema kadi haisomi."

Mjukuu akanigeukia. "Bibi, niandike?"

Shangazi yake akaruka juu. "Usithubutu! Mjomba hajafika! Unataka kumfuata alikokwenda?"

"Shangazi, mama anakufa."

"Na wewe je?"

Wote wawili wakanitazama mimi. Nikasema, andika.

Huyu mtoto huandika kwa vidole vyote, mbio, kama mvua ya mawe. Siku ile aliandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Kisha akasema taratibu, "Imewaka." Haukupita muda Ruangwa wakapiga: kadi imesoma, mgonjwa anaingizwa chumba cha upasuaji. Hakuna aliyepiga vigelegele.

Kaka yangu alifika mchana. Tulimweleza, akasikiliza, hakugomba. Bora angegomba. Alimkazia macho mjukuu wangu, akampa mkono. "Mpwa wangu," akasema, "kumbe umesharudi."

Mkwe wangu alipona. Aliporudi kutoka hospitali alimtania binti yake, "Karibu, mume wangu, chakula tayari," maana ndivyo inavyotakiwa kwa mwenye kurithi jina. Tukacheka. Mtoto hakucheka.

Amerudi Dar, kwenye mashine ileile, kakalia kiti kilekile. Juzi alikuja kunisalimia, akakaa hapa na kompyuta yake, na nikamwona mkono umekwenda begani.

"Una nini?"

"Nimechoka tu, Bibi."

Baba yake alinijibu hivyo hivyo, hapo hapo, safari yake ya mwisho.

Nyie mliokuwepo, kama nimekosea mahali nirekebisheni. Binti yangu, juzi ulikuwa umekaa karibu naye kuliko mimi, na macho yangu siku hizi yana ukungu. Niambie lilikuwa bega la kulia. Nitafuta, nitaandika upya.